Kumwaga Chambo Mtoni: Lini Kwafaa, Lini Hakufai

Maudhui ya leo yawahusu wale wavuao kwa mshipi na ndoana katika mito kama Pangani na Rufiji, na suala lenyewe ni hili: je, mvuvi atosheke na chambo kilichomo ndoanani, au amwage na chakula kingine majini ili awakusanye samaki?

Wengi hudhani kwamba kumwaga ni heri siku zote, maadamu samaki hufuata chakula. Walakini mto si bwawa, na kitupwacho mtoni hakitui pale kilipotupwa. Ikiwa maji yanakwenda nusu mita kwa kila sekunde, na punje za mahindi ya kuchemsha huchukua sekunde 6 kufika chini, basi zitatua kiasi cha mita 3 mbele, na huko ndiko samaki watakakokusanyika, ilhali ndoana yako, iliyozamishwa kwa chubwi, imetulia hapo ulipo. Mtu wa namna hiyo huwakirimu samaki, wala havui. Kwa hiyo kwanza tupa kijiti majini, utazame mwendo wake, kisha utupe chakula upande wa juu wa mkondo kwa kadiri ya mwendo huo.

Kadhalika, pumba kavu huelea ikaenda zake, ikafuatwa na samaki wachanga tu. Sharti irowekwe, ikandwe pamoja na udongo wa mfinyanzi, ifinyangwe matonge kiasi cha limau, ambayo huzama upesi na kumomonyoka polepole.

Jambo la pili ni tabia za samaki na hali ya maji. Perege huenda kwa makundi, na penye maji ya taratibu pumba kidogo yatosha kuwaweka mahali pamoja. Ama kambale, ambaye aghalabu hutafuta riziki yake usiku, kwa kunusa na kwa sharubu zake, huweza kukifikia chambo chenye harufu kali hata katika tope, pasipo kumwagiwa kitu. Na wakati wa masika, mto unapofurika na kukokota minyoo na wadudu kutoka kingoni, samaki wamekwisha andaliwa karamu, na konzi yako ya chakula haina athari yoyote.

Jambo la tatu ni kiasi, na hapa ndipo penye hekima yote. Kilichokwisha kumwagwa hakirudi mkononi, na samaki aliyeshiba hana haja na ndoana. Basi anza kwa ndoana peke yake. Mshipi ukitikisika, ujue samaki wapo, umwage konzi moja, kisha usubiri. Wakizidi kuuma, endelea kidogo kidogo. Wakinyamaza, zuia mkono wako.

Fauka ya hayo, nawasihi msimwage kamwe matumbo na damu ya samaki mahali mnaposimama, kwani vitu hivyo humvuta mamba, na hakuna kitoweo kinacholingana na roho ya mtu.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba anayetilia shaka asimwage, na anayemwaga amwage kidogo, baada ya kuupima mkondo. Wasikilizaji, lifanyieni jaribio neno hili mtokapo tena kwenda mtoni, na mtakalolipata wafundisheni vijana wenu.