Kompyuta Kuukuu Zisitupwe

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, nanyi wadogo zangu mliokaa nyuma,

Nimeombwa niseme ipi inafaa zaidi kwa kazi za kila siku, Windows au Linux. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu ni barua na majedwali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida. Windows 11 nayo huzikataa kompyuta nyingi za zamani, hata zikiwa nzima. Zetu zikarundikwa stoo. Nikaomba moja, nikaitia Ubuntu, ambayo hailipiwi. Ikafufuka! Barua zangu zote sasa naandika kwa LibreOffice.

Lakini nisiwafiche. Siku moja nilimpelekea mkubwa wangu jedwali la bajeti. Alipolifungua kwa Excel, safu zilikuwa zimevurugika. Nilikemewa mbele za watu. Tangu hapo, waraka wa kusomwa tu naupeleka kwa PDF, na jedwali la kujazwa na wengi nalitengeneza kwenye Windows ya jirani yangu.

Wadogo zangu, zile kompyuta zenu zilizofunikwa shuka nimeziona. Mwalimu akiniruhusu, kesho asubuhi kabla ya basi letu kuondoka, tutaanza na ile ya dirishani.