Mgonjwa Afundishwe Akiwa Bado Kitandani
(Mada kwa wauguzi na reko, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wa zoni ya afya ya Punia)



Nimeombwa niseme juu ya matendo madogo ya uuguzi yanayomsaidia mgonjwa apone na aweze kujitunza. Dawa sitaigusa sana. Dawa zikikosekana, kila mtu ana wa kumlaumu. Mgonjwa akitoka wodini na kidonda cha kulala, lawama ni yetu.

Mkoa wetu una historia katika jambo la kumfundisha mtu na kumwachia kazi. Kuanzia miaka ya 1970, kule Kasongo, kusini mwa Maniema, madaktari wa Instituti ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, wakiwemo Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, walionyesha kwamba muuguzi aliyefunzwa vizuri na mwenye maelekezo yaliyoandikwa anaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi ya kituo cha afya. Mawazo ya Kasongo yalisaidia kujenga mpango wa zoni za afya tulio nao nchi nzima. Daktari alikubali kumwachia muuguzi kazi. Leo naomba muuguzi naye akubali kuwaachia mgonjwa na gadimaladi wake, yaani ndugu anayemuuguza, sehemu ya kazi, akiisha kuwafundisha. Wengine watasema huo ni uvivu. Lakini Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba kazi yetu ni kumsaidia mtu afanye yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na kumsaidia kwa namna itakayomfanya asituhitaji tena upesi.

Tutazame kwetu. Punia ni nchi ya kasiterite (madini ya bati), tangu enzi za makampuni ya Symétain na Sominki hadi wachimbaji wa leo wa sululu na beleshi. Chukueni kijana aliyeporomokewa na shimo, paja limevunjika. Anafungiwa uzito mguuni, analala chali wiki sita au zaidi. Mfupa unaweza kuunga vizuri na bado akatoka kilema, kwa sababu kisigino kimeoza, goti limekakamaa na unyayo umelegea.

Ili hayo yasimpate, kunja kikwembe, kiweke chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro kabisa. Funga kamba imara kwenye chuma kilicho juu ya kitanda. Ashike kamba, akanyage kwa mguu mzima, ainue kiuno, ahesabu hadi kumi, ashuke. Mchana afanye hivyo kila saa. Vidole na unyayo avivute kuelekea usoni mara nyingi, na avute pumzi ndefu kumi kabla ya kula. Maji ya kunywa yawe mahali mkono wake unapofika. Haya yote hayana bei.

Halafu ngozi. Vitabu tulivyosomea vinasema tafuta wekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe! Kwa wagonjwa wetu, pitisha mgongo wa mkono juu ya kitokono na visigino: palipo na joto kuliko pembeni, pagumu, au peusi kuliko jana, hapo kidonda kimeanza chini. Mfundishe gadimaladi kupapasa hivyo kila anapomwosha. Yeye ndiye anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, ndiye anayepika sombe na kumwaga mkojo, na saa ya daktari kupita tunamwambia, "Toka nje." Tunamfukuza mtu atakayemuuguza huyu kijana miezi mitatu nyumbani.

Kufundisha kuna namna yake. Ukiuliza, "Mama, umeelewa?" atajibu, "Ndiyo, munganga," kwa heshima tu. Mwambie, "Mama, nionyeshe utakavyofanya kule nyumbani," kisha nyamaza, utazame mikono.

Mfano ni mtoto wa kuhara. Pakiti ya ORS ni ya lita moja, lakini chupa nyingi za maji zinazozunguka mitaani ni za lita moja na nusu. Pima lita moja mbele ya mama, uchore alama kwenye chupa yake mwenyewe. Pakiti zikiisha: vijiko vidogo sita vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi, kwa lita hiyo moja. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo apime mwenyewe ukiona. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekwisha, na hapo ndipo wengi huacha.

Neno juu ya seramu. Familia nyingi huona mgonjwa asiyetundikiwa seramu hajatibiwa, nasi tunawafuata ili tusigombane. Anayeweza kunywa, anywe. Mkono uliofungwa mpira haushiki kijiko, na mwenye chupa ya kuning'inia haendi chooni mwenyewe. Hata mama aliyepasuliwa kujifungua, akiwa hana tatizo lingine, akae na asimame mapema kwa msaada wetu.

Pendekezo langu ni dogo. Karatasi ya kutoka hospitalini iwe na mstari mmoja unaosema mgonjwa amefundishwa nini na nani amefundishwa pamoja naye, ili IT (muuguzi mkuu wa kituo cha afya) wa kijijini ajue pa kuendelea. Na yule kijana wa paja, kabla ya kupakiwa kwenye pikipiki, atembee na magongo hadi chooni na kurudi mbele ya muuguzi. Akishindwa, mstari huo usijazwe.