Anayesomea Urubani Asiachwe Peke Yake
Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe za Uhuru wa Kongo, 30 Juni, West Side, Buffalo



Tunasema kwa niaba ya wale kati yetu walioacha kazi walizozizoea wakaanza kusomea urubani. Kila tukikutana mnatuuliza mambo mawili: inagharimu pesa ngapi, na mtamaliza lini? Leo tungependa kuongeza la tatu: nani yuko pamoja nasi njiani?

Kubadili kazi ukubwani ni kama kuhama tena. Kiwandani na kwenye maghala tulikuwa na watu wetu. Tulipanda gari moja kwenda shifti, tukala pamoja, tukacheka kwa Kiswahili. Shule ya urubani tunasoma na vijana wadogo wasiojua tulikotoka. Theluji ya Ziwa Erie hutunyima siku nyingi za kuruka, kwa hiyo Jumamosi ikiwa na anga safi lazima twende, hata kama kuna harusi. Mtu hukosa sherehe moja, mbili, halafu anaona haya kurudi. Huku nyumbani watu wanasema anajiona. Yeye huko anadhani amesahauliwa.

Na safari ni ndefu. Leseni ya kwanza, ya kurusha ndege bila malipo, inataka saa 40 angani au zaidi. Ya kulipwa, kwa kawaida saa 250. Shirika la ndege la abiria, kwa kawaida saa 1,500. Kiwango hicho kinatuhusu sisi wa Buffalo. Tarehe 12 Februari 2009 ndege iliyokuwa ikija hapa ilianguka Clarence Center, watu 50 wakafariki. Familia za marehemu zilisimama pamoja kudai sheria kali zaidi, na tangu 2013 hata rubani msaidizi anatakiwa kufikia kiwango hicho, isipokuwa wachache, kama waliosomea urubani chuo kikuu au jeshini. Ni miaka ya subira, na mtu mpweke huchoka mapema.

Waliotutangulia hawakwenda peke yao. Bessie Coleman alikuwa mpaka rangi kucha huko Chicago. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke na ni Mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni. Baadaye alirusha ndege aina ya Curtiss JN-4, ambazo zilitengenezwa kwa wingi hapa hapa Buffalo.

Kisha wakaja mafundi wawili wa magari, Cornelius Coffey na John Robinson. Wao waliunda chama cha marubani, na viwanja vilipowafungia milango, wakajenga chao huko Robbins, Illinois. Willa Brown, aliyekuwa mwalimu wa shule, akaungana nao. Mwaka 1935 Robinson alikwenda Ethiopia kumsaidia Haile Selassie dhidi ya Waitalia, na miaka ya arobaini akarudi huko kufundisha marubani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo tunaomba. Wewe unayesomea urubani, usinyamaze. Piga simu hata ukiwa umeshindwa mtihani. Tafuta pia wenzako wa kazi: OBAP, umoja wa Weusi wa sekta ya anga, upo tangu 1976. Na ukishakuwa mwalimu wa urubani, mshike mkono anayekufuata.

Nanyi ndugu, msingoje sare ndipo mmpongeze. Mwekeeni sahani yake ya pondu siku akikosa sherehe. Mkalieni watoto wake usiku wa kuamkia mtihani. Anayetaka kuanza mwambieni mapema kwamba asiye raia, hata mwenye grini kadi, huhitaji kibali cha TSA kabla ya mafunzo, na kwamba akapimwe afya kabla hajalipa ada.

Watoto wetu, mpango wa Young Eagles huwarusha bure wenye umri wa miaka 8 hadi 17, wakiwa na ruhusa ya mzazi. Waambieni wazazi wawapeleke. Na msiogope Kiswahili chenu: Kiingereza ni lazima kwa rubani, lakini hakuna sheria inayomtaka asahau lugha ya mama yake.

Wazee wetu walipata uhuru kwa kushikana. Nasi tushikane hivyo hivyo, ili asiwepo wa West Side atakayeacha masomo kwa sababu tu hakuwa na mtu wa kumuuliza, "Leo umerukaje?"