Ubao, Kitendawili na Simu: Njia za Kuwafunza Watoto wa Kikagate na Nakivale

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma. Hapana Mwislamu asiyelijua jambo hilo. Lakini si kila mzazi ajiulizaye mwanawe asoma kwa lugha gani na kwa chombo gani, wala kama yale asomeshwayo yamwingia akilini au yampita masikioni tu kama upepo upitao juu ya Mto Kagera. Mazungumzo haya yahusu swali hilo.

Kikagate ni mji wa mpakani. Upande huu ni Uganda, na ng'ambo ya Kagera ni Murongo katika nchi ya Tanzania. Kwa hiyo Kiswahili si mgeni hapa, huvuka mto kila siku pamoja na wafanya biashara. Katika wilaya hii hii ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara, yako makazi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, zilipoanza fitina za Rwanda, na leo yamewakusanya watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Wahabeshi, Waeritrea na wengineo. Sokoni wote hao huelewana, na mara nyingi huelewana kwa Kiswahili. Darasani ndiko wanakopotezana.

Kisa chake ni hiki. Tangu mwaka 2007 utaratibu wa masomo ya Uganda wataka mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo katika darasa la kwanza hadi la tatu, kisha darasa la nne aanze kuhamia Kiingereza. Utaratibu huo ni mwema, maana mtoto huanza na lugha ya mamaye. Lakini lugha ya mahali hapa ni Kinyankore, na mtoto aliyetoka Kongo hakunyonya Kinyankore; shuleni kwao alisomeshwa Kifaransa, na nyumbani husema Kiswahili au lugha ya kabila lake. Afikapo Nakivale hurudishwa madarasa ya chini kwa sababu hajui Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na minne hukalishwa pamoja na watoto wa miaka minane. Yeye ajua kuzidisha na kugawanya, ila hajui majina ya kazi hizo kwa Kiingereza, basi huhesabiwa kuwa si kitu. Wako wanaovumilia. Wako pia wanaoona haya wakaacha shule. Mvulana akaenda kubeba mizigo, na msichana akaozwa kabla ya wakati wake. Hasara hiyo haihesabiwi kwa shilingi.

Je, pana dawa? Pana dawa, nayo ina sehemu mbili: vyombo vipya vya mawasiliano, na mila za watu wenyewe. Sehemu moja bila ya nyingine haiponyi.

Waislamu wa Afrika Mashariki hawakuviogopa vyombo vya elimu tangu zamani. Mtoto wa chuoni aliandika juu ya ubao wa mti, akaufuta, akaandika tena. Wazee wa pwani wakazitwaa herufi za Kiarabu wakaandikia Kiswahili barua, hesabu na mashairi. Ilipokuja mashine ya kupiga chapa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, apate kuwafundisha watu kwa lugha wanayoifahamu. Na mwaka 1969 tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ikatoka kamili. Wanazuoni hao walichukua chombo kipya na kukitia lugha ya watu. Hilo ndilo linalotakiwa leo.

Na hatari ya kutokuwa na chombo imekwisha onekana. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, zisifunguliwe kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Katika muda huo masomo yalitolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa karatasi zilizochapwa. Aliyekuwa na redio alipata kitu. Asiyekuwa nayo alikaa bure. Hata hivyo redio husema tu, haimsikii mtoto akiuliza, wala haijui kama ameelewa.

Vyombo vya sasa vyaweza zaidi ya hapo. Iko programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Masomo, vitabu na picha huwekwa katika kompyuta moja ndogo. Simu au vishikwambi vilivyo karibu hupokea masomo hayo kutoka kwake bila ya waya na bila ya kununua intaneti, na betri huweza kujazwa kwa nguvu ya jua. Iko pia hazina ya hadithi za watoto iitwayo African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika ya Kusini. Hadithi zake ni za bure, zimo katika lugha nyingi za Afrika, na mwalimu ana ruhusa ya kuzifasiri na kuziongeza. Hiyo ruhusa ya kuongeza ndiyo yenye thamani kuu, kwa kuwa shule ya kijijini yaweza kuwa mtungaji badala ya kuwa msomaji peke yake.

Itunge nini? Hapo ndipo mila iingiapo. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Mswahili asema, "Kitendawili!" na watoto huitikia, "Tega!" Mnyarwanda asema, "Sakwe sakwe!" na wanawe huitikia, "Soma!" Mchezo ni ule ule. Msomali ana mashairi ya kukaririwa, na Mnyankore ana majigambo ya mashujaa na majina mengi ya rangi za ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Mama afumaye kikapu hufanya hesabu za mafungu na umbo la duara bila ya kuziita hesabu. Mkulima wa ndizi wa Isingiro ajua udongo, kivuli na mvua, na hayo ndiyo mafunzo ya sayansi.

Basi mwalimu na awatume watoto nyumbani, kila mmoja alete kitendawili kimoja cha bibi yake. Sauti ya bibi inaswe kwa simu ya mwalimu. Kesho yake darasa lisikilize, liandike kwa lugha ya bibi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mtoto wa Kongo aliyekuwa kimya siku zote atasema siku hiyo, maana yeye ndiye mjuzi wa kitendawili chake. Na lile neno la Kiingereza litashika moyoni mwake kwa kuwa limepandwa juu ya neno alijualo.

Wako wenye hoja. Wa kwanza asema kuwa simu ni mlango wa upuuzi na uchafu. Hofu yake ni ya haki. Lakini chombo cha shule kisichounganishwa na intaneti, kinachokaa mkononi mwa mwalimu na kufungiwa kabatini jioni, ni salama kuliko simu ambayo mtoto huazima gizani. Wa pili asema kuwa mila zaweza kuchanganyika na yasiyo ya dini. Mafakihi wamekwisha lijibu hilo zamani: desturi isiyopingana na Sharia huheshimiwa, na ipingayo huachwa. Wa tatu asema kuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni wa Kiingereza, basi Kiswahili chafaa nini? Chafaa kuwa daraja. Hapana aondoaye daraja kwa sababu safari yake ni ya ng'ambo. Tena mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Atakayekijua leo hatakuwa mkiani kesho.

Na lisemwe wazi pia kwamba mashine haitakuwa mwalimu. Vishikwambi hamsini katika shule ambayo mwalimu wake hakufunzwa kuvitumia vitalala katika vumbi mpaka viharibike. Heri kimoja mikononi mwa mwalimu aliyeandaliwa.

Kwa hiyo jamaa wa Kiislamu wa Kikagate, Nakivale na Mbarara wanaombwa mambo matatu. Mosi, wazee watoe hazina walizonazo; afaye mzee asiyenaswa sauti amezikwa na maktaba yake. Pili, michango ianze na mafunzo ya walimu, ndipo vyombo vinunuliwe. Tatu, vyuo vya Qur'ani vifungue milango saa za jioni, ili watoto waliorudishwa madarasa ya chini wasaidiwe Kiingereza kwa njia ya Kiswahili, na wasichana wapate nafasi sawa na wavulana.

Mkono mmoja haulei mwana. Yule kijana wa miaka kumi na minne aketiye leo nyuma ya darasa, magoti yakigusa dawati la watoto, angojea kuona kama mikono mingine itanyoshwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wote milango ya elimu yenye manufaa, na awajaalie wazazi na walimu wao subira na tawfiki. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.