Juu ya Kutia Vyombo Nyumba ya Pamoja kwa Fedha Chache

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Kamati imetutaka tuseme juu ya nyumba ya Chama iliyoko Kivumbini, na hasa juu ya vyombo vyake. Katika mkutano uliopita wazee wengine waliuliza swali la haki. Shilingi 60,000 zilitolewa katika sanduku la Chama ili nyumba ile itiwe vyombo. Je, zimekwenda wapi? Tena, je, yafaa kuendelea kuishika nyumba ambayo kwa muda wa mwaka mzima imetuletea mashauri mengi kuliko mazishi na harusi zote? Sisi tunaoandika hesabu za nyumba ile twaona ya kwamba yafaa sana. Lakini hatutaki mkutano uamini kwa maneno matupu, basi tutawachukua chumba kwa chumba.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wazee waliomo humu wanajua kuliko sisi jinsi Mwafrika alivyokaa katika mji huu kabla ya Uhuru. Alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba. Watu wanne au watano walilala chumba kimoja, na mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, hata mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ikashauri mishahara ipimwe kwa kuifikiria jamaa nzima. Mtu aliyekaa mjini kwa namna hiyo hakununua kabati wala meza. Alinunua sanduku la bati na kufuli yake, akalisukuma chini ya kitanda, na siku ya kuondoka alilibeba kichwani mpaka stesheni. Sanduku lile lilikuwa kabati, benki na mzigo wa safari, vyote pamoja. Hatuwezi kumlaumu, maana mji haukumtaka akae.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji. Hata hivyo vijana wetu wengi wangali wanakaa hapa kama abiria wangojao gari moshi. Kijana hutuma nyumbani fedha za kununua viti vya sebule ya baba yake, naye mwenyewe hulala juu ya godoro lililowekwa sakafuni, na nguo zake zimetundikwa kwenye msumari. Kumtumia baba ni jambo jema. Lakini watu sita wakikaa namna hiyo katika nyumba moja, hakuna hata mmoja anayeiona kuwa yake, na chombo kikiharibika kila mtu humtazama mwenziwe.

Hapo ndipo magomvi yetu yalipoanza. Wazee wanakumbuka shauri la mwanachama aliyehama alfajiri na mapema, akachukua sufuria mbili, redio na pazia la dirisha. Yeye alisema ni mali yake, kwa kuwa alitoa fedha nyingi kuliko wengine siku ya kuvinunua. Wenziwe walisema vilichangwa. Shauri lilikaliwa mara tatu, na halikuamuliwa kwa sababu moja tu: hapakuwa na maandishi. Sufuria zenyewe zilikuwa kuukuu, lakini kwa ajili yake watu wa kijiji kimoja waliacha kusalimiana.

Basi Kamati ilipotoa zile shilingi 60,000, kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa daftari. Habari zake tutazisema baadaye.

Vitanda vilikula nusu ya fedha. Tulinunua vitatu vya chuma, vya ghorofa, mtu mmoja chini na mwingine juu, kwa shilingi 10,000 kila kimoja kutoka kwa mafundi wa jua kali. Wengine waliuliza mbona hatukutaka vya mbao, nasi tunakaa karibu na misitu ya Mau, na Elburgon na Molo ni miji iliyokua kwa mashine za kupasua mbao. Swali zuri. Lakini serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018, na bei ya mbao ikapanda. Na ingawa Rais alitangaza mwaka 2023 ya kwamba zuio limeondolewa, bei haikurudi pale ilipokuwa. Tena mbao nyingi za saiprasi ziuzwazo kwa bei nafuu ni mbichi. Kitanda cha mbao mbichi hupinda na kuachana kwenye viungo, na katika kila ufa kunguni hujenga mji wake.

Wazee wametabasamu, lakini kunguni ni adui wa kwanza wa nyumba ya pamoja. Mmoja akija nao, wote wanao. Tuliwaagiza vijana wayaanike magodoro juani, wamwagie vitanda maji yanayochemka, kisha wanyunyize katika nyufa za sakafu ule unga mweupe uchimbwao Kariandusi karibu na Gilgil. Unga huo ni mabaki ya vijimea vidogo mno vya ziwa la kale. Hukwaruza ganda la mdudu mpaka akakauka. Utakiwao ni unga mbichi, si ule uliochomwa kiwandani, na anyunyizaye afunge kitambaa puani. Pareto nayo ni dawa ya nchi yetu, na kiwanda chake kilijengwa hapa hapa Nakuru. Walakini kunguni wa siku hizi wamezizoea nyingi katika dawa zilizoigizwa kutoka kwa pareto, basi jua na maji ya moto yasidharauliwe.

Magodoro tulinunua manne tu, kwa shilingi 4,000 kila moja. Yale ya bei ya chini yalikuwapo, nasi tungaliweza kununua sita. Tuliyakataa, kwa maana godoro jepesi huwa kama mkeka kabla ya mwaka kwisha. Blanketi kila mtu huja na yake. Mji huu uko juu kiasi cha mita 1,850, na mwezi wa Julai hakuna haja ya kumwambia mtu mara mbili.

Sasa twafikia mapazia, ambayo ndiyo yaliyoleta maneno mengi. Mzee mmoja aliuliza, kwa nini Chama kitoe shilingi 3,000 kupamba nyumba ya watu wasio na kazi? Kwa heshima, tunajibu ya kwamba hatukununua pambo. Kitambaa tulichonunua, cha mtumba lakini kizito na kizuri, hakikutundikwa madirishani peke yake. Kilitundikwa juu ya kamba ya katani kati ya kitanda na kitanda. Kijana akivuta pazia lake anacho chumba. Anaweza kusoma barua ya mama yake, kusali, au kulia, bila ya watu watano kumwangalia. Kila mmoja alichagua rangi ya upande wake, na tangu siku ile tumeona mambo tusiyoyaagiza: huyu ametundika picha ya wazazi wake, yule ametandaza kitambaa alichofumiwa na dada yake. Hayo hayakugharimu Chama senti moja. (Na kalenda za maduka tulizikuta tatu ukutani, zote za miaka iliyopita, tumeacha moja kwa ajili ya picha ya twiga.)

Kuta zilihitaji akili zaidi ya fedha. Jina la Nakuru, wasemavyo wengi, latokana na neno la Kimasai la mahali pa vumbi, na jina la Kivumbini halihitaji mkalimani. Vumbi lile la mlima wa moto ni jepesi, huingia chini ya mlango, na wakati wa kiangazi hukaa juu ya kila kitu. Ukuta mweupe mtupu huwa wa kijivu kabla ya Pasaka. Kwa hiyo tulipaka rangi ya mafuta, ya kijani kibichi iliyoiva, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, ambapo mikono na migongo hugusa, nayo huoshwa kwa kitambaa na sabuni. Kutoka hapo kwenda juu tulipaka chokaa, mara mbili, nyepesi, yenye chumvi kidogo ndani yake ili ishike. Gharama yote ilikuwa shilingi 2,500, na kazi walifanya vijana wenyewe siku mbili za Jumamosi. Nyumba iliyokuwa giza saa kumi sasa yaonekana mpaka jua lichwe.

Katika sebule kuna meza moja kubwa na mabenchi mawili, shilingi 6,500. Hapa tulikubali mbao, kwa kuwa seremala alituonyesha mbao zilizokaa darini kwake mwaka mzima; zilikuwa nyepesi mkononi, wala hazikunuka utomvu. Tuliombwa tununue makochi. Makochi ya siku hizi hujaza chumba, huketisha watu wanne, na mara nyingi mwenyewe huwa angali analipa deni wakati chemchemi zimekwisha kutoka. Benchi huketisha watatu, husukumwa chini ya meza, na juu ya meza ile ile watu hula, hupiga pasi, na jioni husoma. Mmoja wao anajitayarisha kwa mtihani wa uhasibu juu yake.

Shilingi 2,000 zilizobaki zilinunua sufuria, bakuli, na pipa la plastiki la kukingia maji ya mvua. Juu ya pipa twataka kueleza. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, nayo ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha hakusaidii, huua vijidudu lakini floridi hubaki. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili hiyo, na Chama kikipata fedha tungependa kimoja. Kwa sasa maji ya kunywa ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, yakachemshwa.

Jiko ni lile la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, ambalo hula makaa kidogo kuliko jiko la zamani. Mwanachama mmoja alitupa bure, nasi twamshukuru. Lina sheria moja isiyo na msamaha: usiku hulala nje. Hewa itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, na mtu aliyefunga dirisha ili apate joto haamki. Aliye na baridi aombe blanketi kwa Kamati.

Na sasa daftari. Kila chombo kimeandikwa, bei yake, tarehe, na mwenyewe, na namba yake imepakwa rangi chini yake. Vyombo ni vya namna tatu. Vya Chama havitoki mlangoni kamwe. Vya mtu mwenyewe huandikwa siku aingiapo navyo, na huondoka navyo bila ya maswali. Vile vya kuchanga ndivyo vilivyokuwa vikituvunja, na kanuni yake sasa ni hii: anayehama kabla ya mwaka kwisha hurudishiwa nusu ya alichotoa, na mwenye kumlipa ni yule anayeingia mahali pake, ambaye kwa kulipa hupata sehemu katika chombo. Baada ya mwaka hakuna cha kurudisha, kwa kuwa amekwisha kukitumia. Wawili wamehama tangu kanuni hii iwekwe. Wote wawili walitia sahihi, wakapewa mkono, na mmoja wao hurudi siku za Jumapili kula chakula.

Hesabu, basi, ni hii: vitanda 30,000, magodoro 16,000, meza na mabenchi 6,500, mapazia 3,000, chokaa na rangi 2,500, vyombo vya jikoni na pipa 2,000. Jumla ni shilingi 60,000. Daftari tulilinunua kwa mfuko wetu, na stakabadhi zote ziko kwa Mweka Hazina.

Vitanda viwili vya juu bado havina magodoro. Bei yake ni shilingi 8,000. Vijana wawili wa nyumbani wameandika barua kuomba nafasi hizo. Mmoja amepata kazi Lanet nayo yaanza mwezi ujao, wa pili analala jikoni kwa mjomba wake. Barua zao ziko mezani kwa Mwenyekiti, nasi twaomba mkutano uzijibu leo.