Bastola ya Mfukoni: Ndogo kwa Umbo, Nzito kwa Wajibu



Mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha huenda akapendelea bastola ndogo ya risasi tano, kwa kuwa ni nyepesi na haionekani. Lakini wepesi huo una gharama: ikifyatuliwa hurusha mkono. Anayechagua aijaribu kwanza kwenye uwanja wa shabaha, asije akamjeruhi mpita njia.

Mfukoni ikae peke yake, bila funguo wala sarafu, ndani ya ala inayofunika kifyatulio. Jioni iingie kwenye sefu. Koti lililotundikwa mlangoni mtoto hulifikia. Ikipotea, polisi waarifiwe mara moja.

Asiye na cheti hana la kuchagua: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza. Aisalimishe kituoni.