Sufuria Isifunikwe: Hotuba Kuhusu Kupeana Mapishi ya Nyumbani

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wapishi wa nyumbani waliotoka wadi mbalimbali za Kilifi. Tunaichapisha kama ilivyosomwa, pamoja na marekebisho machache.



Nimepewa dakika kumi. Wenzangu ofisini walicheka waliposikia kwamba ninakuja kuzungumza juu ya mapishi, maana wanajua chakula changu cha mchana ni chai na mandazi. Wasiwe na wasiwasi, sikuja kumfundisha mtu kupika. Kazi yangu ni kuandika, na nimekuja kukiri kosa la mwandishi lililoishia jikoni.

Hawe yangu, mama mzaa baba, alikuwa fundi wa mboga ya majani ya muhogo, ile wengine wenu mnaiita kisamvu. Miaka yake ya mwisho macho yalikuwa yamepungua nguvu, nami nikaona afadhali niandike mapishi yake kabla hayajapotea. Chuoni tulifundishwa kwamba habari kamili hujibu nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Basi nikampigia simu, nikafungua daftari. Akanitajia majani machanga ya muhogo, kitunguu saumu, kitunguu maji, nazi mbili, chumvi, pilipili ukitaka. Utwange, uchemshe, utie tui. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia. Watu wakanisifu sana.

Wiki ile ile binamu yangu anayeishi Nairobi aliletewa fungu la majani na mgeni aliyetoka nyumbani. Hana kinu, kwa hiyo aliyakatakata kwa kisu. Akayatia kwenye sufuria yenye maji kidogo, akafunika ili asimalize gesi, na baada ya dakika kumi akamimina tui. Mboga ilitoka na rangi ya kijani ya kupendeza, hata akatutumia picha. Usiku mtoto wake mdogo alianza kulalamika kichwa, kisha kizunguzungu, kisha akatapika. Mkubwa akafuata. Walipelekwa hospitali, wakaangaliwa hadi asubuhi, na Mungu akasaidia wakarudi nyumbani wazima.

Nilimpigia hawe nikiwa natetemeka. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Alifunika sufuria?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nani anafunika muhogo?"

Ndugu zangu, sikuandika kwamba sufuria isifunikwe kwa sababu hawe hakusema. Na hawe hakusema kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu akiifunika. Kwake halikuwa jambo la kutajwa, kama vile usivyomwambia mtu avae viatu baada ya kuingiza miguu kwenye soksi. Mimi nilikuwa na kalamu, na nilipaswa kuuliza. Sikuuliza.

Niwaeleze kidogo kilichotokea ndani ya sufuria ile. Majani ya muhogo, pamoja na mizizi yake, yana kemikali ambazo zikipondwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Kutwanga hulipasua jani lote ili sumu hiyo ipate kutoka. Kuchemsha kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, huifukuza pamoja na mvuke. Ukikata kwa kisu tu, sehemu kubwa hubaki ndani ya jani. Ukifunika, unaizuia kutoka. Muhogo mchungu una sumu nyingi kuliko ule mtamu, na wakati wa ukame sumu huongezeka. Kwa hiyo mambo mawili ambayo binamu yangu aliyaruka, kinu na sufuria wazi, ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda watu wa nyumba yetu miaka yote hiyo.

Sasa nisome mapishi yale jinsi nilivyoyaandika mara ya pili, baada ya kusafiri hadi kijijini na kukaa kwenye kigoda kando ya hawe asubuhi nzima.

Chuma majani ya juu kabisa, yale laini, ya muhogo mtamu. Yaliyokomaa yaache. Ondoa vikonyo, osha, tia kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu, utwange mpaka usione tena umbo la jani na yawe kama uji mzito. Ukitumia blenda, sawa, lakini isage hadi ilainike kabisa. Tia kwenye sufuria yenye maji mengi, yafunike mboga na kuzidi kwa upana wa vidole vitatu. Usifunike sufuria. Kaa upande ambao moshi na mvuke haukujii usoni, na kama unapika ndani, fungua dirisha. Yachemke kwa saa moja, na kamwe isipungue nusu saa, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Rangi itaacha kuwa kijani kibichi na kuwa kama ya zeituni, na ile harufu ya ukakasi itaisha. Chuja, mwaga maji hayo. Hapo ndipo upishi unapoanza: tui jepesi, kitunguu, pilipili, chumvi, moto wa wastani, mpaka tui likaribie kukauka. Mwisho tia tui zito, na tangu linapoingia usiuachie upawa. Chota na kumimina, chota na kumimina, mpaka lichemke mara moja, uepue. Ukiliacha lichemke peke yake litakatika, na mboga itaelea mafuta.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ya pili ilijaza kurasa mbili za daftari, na hakuna kiungo hata kimoja kilichoongezeka.

Mtu anaweza kusema huo ni muhogo tu, mambo ya kijijini. Hapana. Mazao husafiri haraka kuliko mapishi yake. Chukueni mahindi. Kule yalikoanzia, Meksiko na Amerika ya Kati, wapishi huyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Mahindi yalivuka bahari hadi Ulaya, lakini hatua ya chokaa ilibaki nyuma. Maskini wa Hispania na Italia waliokula mahindi siku nenda siku rudi, bila nyama wala maziwa, waliugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, na mwisho akili inavurugika. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Hispania mwaka 1735. Ilichukua muda mrefu sana kufahamu kwamba chokaa ilikuwa ikiifungua niasini, vitamini iliyomo kwenye mahindi ambayo bila hivyo mwili hauipati vizuri. Sisi hatutii chokaa kwenye sima, lakini wazee wetu waliila kwa kunde, mbaazi, samaki na mboga, na vitoweo hivyo huziba pengo. Sima kwa chumvi peke yake siyo mapishi, ni shida.

Tena kuna muhogo wenyewe. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwaacha watu wakitegemea muhogo mchungu. Desturi yao ilikuwa kuumenya na kuuanika juani kwa muda mrefu kabla ya kuula. Njaa ikawafupishia siku za kuanika. Zaidi ya watu 1,000, wengi wakiwa wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na anayepooza kwa konzo hapati tena miguu yake ya zamani. Wale hawakuwa wajinga. Waliyajua mapishi yao vizuri sana kuliko mimi nilivyojua ya hawe. Ninawataja ili mtu asidhani hatua hizi ndefu za bibi zetu ni mapambo au uvivu wa kununua gesi.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Kuanzia mwaka 2007, Kenya ilianza kuhifadhi vyakula vya kiasili, wanasayansi wakishirikiana na jamii zenyewe, Idara ya Utamaduni na Makavazi ya Kitaifa. Mimea ya kienyeji ipatayo 850 iliandikwa pamoja na majina yake, na mapishi yakakusanywa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo kwenye rejista ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Nafurahi. Lakini wataalamu hawawezi kuingia kila jiko, na mapishi ya nyumba yako hayamo kwenye rejista yoyote.

Basi mkiandikiana leo, nina mambo machache ya kuwaomba.

Muulizeni mpishi anajuaje kwamba chakula kimeiva. Saa peke yake haitoshi, kwa sababu jiko la makaa, meko ya kuni na gesi havifanani. Rangi, harufu, sauti ya mafuta, jinsi mwiko unavyosimama kwenye sima, hayo ndiyo yaandikwe. Mtsunga, kwa mfano, una uchungu wake, na kila nyumba ina kiwango chake. Kuna wanaouchemsha na kumwaga maji, kuna wanaouchanganya na mchicha au majani ya kunde ili upoe. Usiandike "punguza uchungu". Andika ulimwaga maji mara ngapi, na ulichanganya fungu la nini kwa fungu la nini.

Muulizeni pia huharibika vipi. Kila mpishi mzuri amewahi kuharibu, hata kama hataki kusema mbele za watu. Aliyekatikiwa na tui anajua kwa nini lilikatika.

Vipimo, jamani. Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Wengine sokoni hupimiwa kwa gorogoro, yaani ule mkebe wa kilo mbili. Mwanangu wa mjini ana kikombe cha chai tu. Andikeni kipimo chenu, na kando yake vikombe. "Chumvi kiasi" siichukii, maana ulimi wa mtu ni wake, lakini "hamira kiasi" imeshazaa mahamri mengi ya kutupia kuku. Na nazi moja ni ipi? Kuna nazi ya kukaa kiganjani na nazi ya kubebwa kwa mikono miwili. Semeni tui lilitoka vikombe vingapi.

Halafu majina. Ukumbi huu una watu wa Ganze, Magarini, Malindi, Rabai, na wengine wamehamia hapa kutoka bara. Mnavu wa huku ndio managu ya Wakikuyu, rinagu ya Wakisii na osuga ya Wajaluo. Andikeni majina yote mnayoyajua, ili anayesoma asije akachuma jani lingine. Na aliyezoea kuchuma mnavu aseme lile ambalo hatulisemi: matunda yake mabichi ya kijani hayatiwi chunguni, yana sumu.

Sisemi kila chakula kina hatari ndani yake. Mbaazi za nazi ukikosea zitakuwa ngumu tu, utatafuna polepole. Lakini mwandishi hajui mapema ni hatua ipi ina uzito, na mara nyingi mpishi naye hajui. Anafanya kwa sababu mama yake alifanya. Ndiyo maana tunaandika zote, hata ile inayoonekana ya kipuuzi.

Utaratibu wetu ni huu. Kila mpishi amepangiwa mwandishi ambaye hajawahi kupika chakula hicho. Leo mwandishi anatazama, anauliza, anaandika. Kikao kijacho mwandishi atapika kwa kufuata karatasi yake peke yake, na mpishi ataketi pembeni, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Najua hilo la mdomo litakuwa gumu. Mpishi atafungua mdomo kwa jambo moja tu, akiona kitu cha kumdhuru mtu. Chakula kikiharibika, karatasi inarudi kurekebishwa. Kikifaulu, mapishi yatachapishwa kwenye jarida hili, pamoja na jina la mpishi akipenda. Ambacho hakijapikwa na mtu wa pili hatutakichapisha, hata kama kimetoka kwa bosi wangu.

Hawe hakuwahi kuiona karatasi yangu ya pili ikipikwa. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Binamu yangu aliipika baadaye, huko huko Nairobi, dirisha wazi, na kunipigia simu mara tatu katikati. Zile simu tatu nimeziandika pia pembeni ya ukurasa, maana kila moja ilikuwa swali nililosahau.

Mimi leo nimepangiwa shangazi mmoja, mpishi wa pweza. Nimeshamuuliza pweza anachemshwa kwa muda gani. Akanijibu, "Mpaka aive." Kwa hiyo tuna kazi.

Majiko yamewashwa, kalamu na karatasi ziko kwa yule dada mwenye leso ya njano.